Kabla Hujakisusia Chakula: Mwongozo kwa Mwenye Pumu

Mwenye pumu hukatazwa vyakula vingi kuliko mgonjwa mwingine yeyote mtaani. Maziwa, eti yanaongeza makohozi. Ndizi na machungwa, eti ni vitu vya baridi. Mayai, karanga, samaki, aiskrimu, maji ya friji. Kila jirani ana chake cha kuongeza, na bibi akija kutoka shamba anaongeza viwili. Mwishowe mtoto anabaki na ugali na maharage, na usiku kifua kinapiga miluzi vilevile.

Kwa wenye pumu walio wengi, chakula si mchokozi mkubwa. Mafua, vumbi la godoro, mende, moshi, hewa ya baridi ya alfajiri, na zaidi ya vyote kuacha dawa ya kuzuia, ndivyo vinavyowabana. Hata hivyo wapo wachache ambao chakula, au kitu kilichotiwa ndani ya chakula, huwabana kweli, na baadhi yao hubanwa vibaya. Mwongozo huu unakusaidia kujua kama umo katika hao wachache, na kama umo, ni kitu gani hasa kinachokuchokoza. Nitakusihi tena na tena ukague pia kilichopita hewani kabla sahani haijafika mezani. Vyakula vingi vinavyosingiziwa havina kosa; kosa ni la mvuke, vumbi au moshi uliokuja navyo.

Anza na saa

Ukishuku kwamba umebanwa na chakula, jiulize kwanza ilipita muda gani kati ya tonge na mbano. Mzio wa kweli hujitokeza ndani ya dakika chache, au ukichelewa, ndani ya saa mbili hivi. Vihifadhi vya jamii ya salfaiti, ambavyo nitavieleza kwa kirefu, huwahi zaidi, pengine hata glasi haijaisha. Ukila saa tatu usiku ukaamka umebanwa saa nane, mshukiwa ni asidi ya tumbo iliyopanda ulipolala. Na kile ulichokula juzi, kiache, hakihusiki.

Kisha ujiulize kama kifua kilikuwa peke yake. Mzio wa chakula ni nadra kuja kifuani tu. Huja na wenzake: midomo na ulimi kuwasha, vipele vya kuvimba, kope kufura, tumbo kukata, kutapika. Mtu anayebanwa kifua tu kila mara, bila hata mkwaruzo wa ngozi, ana sababu ya kutazama kwingine kabla ya kuufukuza mlo.

Lipo pia swali ambalo hata daktari mwenye foleni ndefu hulisahau: ulikuwa wapi? Ulikuwa jikoni, ulikuwa kando ya jiko la mishikaki, au ulikuwa harusini? Harusi za pwani ni mfano mzuri. Mtu anakula biriani, anabanwa, na tangu siku hiyo anaapa kwamba biriani ni adui yake. Hakumbuki kwamba ukumbi mzima ulikuwa umefukizwa udi, na kwamba chetezo kilipitishwa chini ya pua yake wageni walipokuwa wakinawa mikono. Biriani la harusi limesingiziwa mengi ambayo ni ya chetezo.

Salfaiti

Kama kuna kiungio cha chakula ambacho ushahidi wake juu ya pumu umesimama imara, ni hiki. Salfaiti ni jamii ya vihifadhi vinavyozuia matunda yasigeuke rangi na vinywaji visichache. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 3 na 10 ya wenye pumu hubanwa navyo, hasa wale ambao pumu yao ni kali tangu mwanzo.

Namna inavyofanya kazi inakufundisha namna ya kujikinga. Salfaiti ikikutana na asidi, iwe ya ndimu, ya siki au ya tumboni, hutoa gesi ya salfa dayoksaidi. Unapomeza unaivuta kidogo gesi hiyo, na njia za hewa ambazo zilikuwa nyepesi kuchokozeka hujikaza papo hapo. Ndiyo maana kinywaji kichachu chenye salfaiti husumbua kuliko chakula kikavu chenye kiasi kilekile. Ndiyo maana pia vipimo vya mzio vya ngozi mara nyingi havioneshi kitu, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa hana tatizo.

Sasa fungua kabati la jikoni. Chukua zabibu kavu, zile za kutia kwenye pilau na keki. Ziko nyeusi zilizokunjamana, na ziko za rangi ya dhahabu, laini, zinazong'aa. Nyeusi kwa kawaida zimeanikwa juani tu. Za dhahabu zimebaki na rangi yake kwa sababu zimefukizwa salfa dayoksaidi. Aprikoti kavu ni hivyo hivyo: ya rangi ya machungwa inayowaka imetiwa, ya kahawia iliyofifia haijatiwa. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi miligramu 2,000 za salfa dayoksaidi kwa kilo ya matunda hayo yaliyokaushwa, wakati kanuni za kimataifa za Codex zinataka salfaiti itajwe kwenye lebo ikianzia miligramu 10 kwa kilo. Pima mwenyewe umbali uliopo kati ya namba hizo mbili. Ngumi moja ya aprikoti inaweza kuwa na salfaiti nyingi kuliko kitu kingine chochote utakachokula mwezi mzima.

Baada ya matunda makavu, kagua juisi ya ndimu ya chupa, skwoshi za kuchanganya na maji, siki na vitunguu vya siki, nazi kavu ya paketi, viazi vilivyomenywa na kugandishwa kwa ajili ya chipsi, baadhi ya soseji, na mvinyo, uwe wa Dodoma au wa Afrika Kusini. Mvinyo mweupe kwa kawaida unazidi mwekundu. Mtu anayebanwa na mvinyo mweupe lakini hajambo kwa vinywaji vingine ana habari muhimu ya kumpelekea daktari.

Lebo nyingi madukani kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za kutafutia miwani. Usihangaike kusoma zote. Tafuta namba 220 hadi 228, ziwe na herufi E mbele, au INS, au ziwe peke yake kwenye mabano baada ya neno la kihifadhi. Kisha tafuta neno lolote lenye herufi sulph au sulf. Hayo mawili yanatosha. Shida ni vitu vya kupimiwa: zabibu za kikombe kwenye duka la viungo hazina lebo. Mwombe muuzaji akuoneshe katoni ilimotoka. Hakuna muuzaji mwema atakayekasirika, na akikasirika nunua kwingine.

Wamarekani waliyajua madhara ya salfaiti kwa gharama kubwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 migahawa yao ilikuwa ikinyunyizia saladi salfaiti ili majani yaonekane yamechumwa sasa hivi. Wenye pumu walibanwa mezani, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1986 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ikapiga marufuku salfaiti kwenye matunda na mboga mbichi za kuliwa bila kupikwa.

Habari njema ni kwamba jiko la Mswahili linaweza kuishi bila salfaiti kwa urahisi. Ndimu iko sokoni, nazi inakunwa, viazi vinamenywa, zabibu nyeusi zipo. Kuosha zabibu za dhahabu kunapunguza lakini hakuondoi yote, kwa hiyo usijidanganye kwa kuziloweka.

Jambo jingine la kuliweka sawa. Watu wengi kwetu wana mzio wa dawa za salfa, zile zilizozoeleka tangu enzi za vidonge vya malaria vya salfadoksini na pirimethamini. Huo ni mzio mwingine kabisa. Ukiwa nao hulazimiki kukimbia salfaiti za chakula, na ukibanwa na salfaiti haina maana kwamba dawa za salfa ni hatari kwako. Mweleze mhudumu wa afya ni kipi kati ya hivyo viwili ulicho nacho, maana kwenye faili vinachanganywa mara kwa mara.

Chungu cha kamba

Chungu kimoja cha kamba kinaweza kumbana mtu kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake.

Ya kwanza ni mzio wa kamba mwenyewe. Protini inayohusika huitwa tropomayosini, na moto wa jikoni hauiharibu. Kaa na kambamti wanayo, ngisi na pweza wana ya kwao inayofanana nayo, na la ajabu zaidi, mende na utitiri wa vumbi wanayo pia. Mzio huu una tabia ya kuanza ukubwani. Mtu amekula kamba miaka thelathini, na siku moja midomo inavimba. Kwa hiyo maneno "mimi nimewala tangu utotoni" hayamkingi mtu.

Ya pili ni mvuke. Kamba wanapochemka, chembe za protini hupanda na mvuke, na yule anayefunua mfuniko na kuinama kuonja chumvi ndiye anayeuvuta wote. Wafanyakazi wa viwanda vya kusindika kamba na kaa wamepata pumu kwa njia hii bila kula hata mmoja. Ikiwa wewe hubanwa ukipika kamba, au mtoto wako mwenye mzio hubanwa akikaa karibu na jiko, kumwondolea sahani mezani hakutoshi. Asiwe jikoni wakati huo, na chungu kipikwe nje au dirisha likiwa wazi kabisa.

Ya tatu ni salfaiti tena. Kamba akishakufa kichwa chake huanza kuwa cheusi, na kwenye uvuvi wa kibiashara huchovywa kwenye sodiamu metabisalfaiti ili abaki na rangi ya kupendeza. Kwa hiyo mtu anaweza kubanwa na kamba wa kugandishwa wa paketi na asibanwe na wa mvuvi aliyevuliwa usiku ule. Ikiwa kumbukumbu zako zinaonesha hivyo, zipeleke kwa daktari. Usijijaribie nyumbani kwa kula mmoja mmoja. Kosa la kubahatisha kwa kamba linaweza kuwa la mwisho.

Samaki nao wana kisa chao ambacho watu wa pwani wanakijua kwa ulimi kabla ya kukijua kwa jina. Jodari, nguru, vibua na wengine wa nyama ya rangi nzito, wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Samaki huyo anaweza asinuke wala asionekane ameharibika, lakini mdomoni anawasha kama ametiwa pilipili. Uso unapata joto, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, na mwenye pumu anaweza kubanwa. Kumkaanga hakusaidii, kwa kuwa histamini haiishi kwa moto. Dalili ya kutofautisha ni hii: mzio humpata mtu mmoja mezani, histamini huwapata kadhaa waliokula samaki yule yule. Ukitema tonge kwa sababu limewasha ulimi, usimwonee haya mwenyeji. Na ukinunua, mnunue aliyekuwa kwenye barafu, hata kama aliye kwenye ndoo ameshushwa bei.

Rangi na unga wa kuongeza ladha

Hapa sitakaa sana, kwa sababu hofu ni kubwa kuliko ushahidi. Rangi ya njano iitwayo tartrazini, namba E102, iliyomo kwenye soda, peremende, achari na wali wa sherehe, imelaumiwa kwa miongo mingi. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa chini ya jumuiya ya Cochrane mwaka 2001 hayakuona faida ya kuwakataza wenye pumu wote rangi hiyo. Kama wewe mwenyewe umebanwa nayo mara kadhaa na daktari amekubali, iache. Kama hujawahi, usimnyime mtoto peremende ya sikukuu kwa sababu ya namba.

Monosodiamu glutameti, E621, iliyomo kwenye viungo vingi vya mchuzi vya pakiti na vya vidonge, ilianza kuogopwa kwa barua ya daktari mmoja iliyochapishwa na jarida la New England Journal of Medicine mwaka 1968, naye hakuzungumzia pumu. Tuhuma za pumu zilikuja miaka ya 1980 kutoka Australia. Baadaye wagonjwa walipojaribiwa bila kujua kama wanapewa yenyewe au la, tuhuma hazikusimama. Kupunguza viungo vya pakiti ni jambo jema kwa sababu ya chumvi. Kwa pumu, nguvu hizo zipeleke kwenye salfaiti. Ubuyu wa rangi nao nisiusahau. Mtoto akibanwa akiumumunya, ujue kwamba mara nyingi una pilipili, na pilipili iliyopaliwa humkohoza hata asiye na pumu.

Kinachoingia kwa pua

Kuna muuza maandazi anayekula maandazi yake kila asubuhi bila tatizo, lakini hawezi kukanda unga bila kukohoa. Huyu anaugua ugonjwa wa zamani sana. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliuandika mwaka 1700 katika kitabu chake kuhusu maradhi ya wafanyakazi, akieleza jinsi waokaji wanavyovuta unga na kupata taabu ya kupumua. Leo tunajua kwamba mwili huchokozwa na protini za ngano, na pia na vimeng'enya vya kuvu vinavyochanganywa kwenye unga ili mkate uumuke vizuri. Tumboni, baada ya kuokwa, wengi hawapati shida. Puani ndiko kwenye vita.

Kipimo chake ni kalenda. Ikiwa unapumua vizuri siku za mapumziko na unaanza kukohoa ukirudi kwenye meza ya kukandia, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona. Wakati huo mimina unga polepole, mdomo wa mfuko ukiwa chini karibu na bakuli. Tangulia kutia maji. Usikung'ute gunia ndani ya chumba. Ukimaliza, futa meza na sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Barakoa nzuri husaidia. Kitambaa cha kanga puani husaidia kidogo mno.

Pilipili ni habari fupi. Ikiungua kwenye mafuta au ikitwangwa kavu kwenye kinu, kapsaisini iliyomo hupanda na kuchoma neva za njia za hewa. Itwange na maji au nyanya, na uitie kwenye mchuzi baada ya maji kuingia. Mtu anayebanwa na harufu ya pilipili inayounguzwa huenda akaila mezani bila neno.

Moshi ndio mkubwa wao. Kuni, mkaa na jiko la mafuta ya taa humbana mwenye pumu kuliko viungio vyote nilivyovitaja. Kabla hujafuta mayai kwenye orodha ya mtoto, tazama anakaa wapi wakati uji unachemka. Ukiweza kupata gesi au umeme, hata kwa mapishi ya asubuhi tu, umefanya kazi kubwa. Usipoweza, jiko litoke nje na mwenye pumu akae upande unakotoka upepo.

Mlo wa usiku

Asidi ikipanda kutoka tumboni hukera koo, na chembe zake zinaweza kuteleza hadi kwenye njia za hewa, au kuziamsha neva zinazozikaza. Dalili zake ni kiungulia, ladha chungu mdomoni, sauti kukwaruza asubuhi, na kikohozi kinachoanza ukilala chali. Vyakula vya mafuta mengi, chai ya rangi nzito, soda na pilipili huongeza. Dawa ya kawaida ni saa: maliza kula saa mbili au tatu kabla ya kulala, punguza wingi wa mlo wa usiku, inua kichwani mwa kitanda kwa matofali chini ya miguu yake. Mito mingi haifai, maana hukunja tumbo.

Ramadhani inaigeuza ratiba hii. Mtu anafuturu kwa sambusa na bajia, anakula tena baada ya tarawehe, kisha anakula daku na kurudi kitandani dakika kumi baadaye. Ukiwa na pumu na kiungulia, gawa futari yako iwe nyepesi mara mbili, na ukila daku subiri sala ya alfajiri ukiwa umeketi. Zungumza na daktari na sheikh wako kuhusu mipango ya dawa ya kuvuta katika mwezi huo kabla mwezi haujaandama. Usiiache dawa ya kuzuia kimyakimya.

Maziwa, baridi, kahawa

Kwa asiye na mzio wa maziwa, tafiti hazijaonesha kwamba maziwa yanaongeza makohozi. Yanachanganyika na mate na kuacha utando mzito kooni, basi. Kumkatia mtoto maziwa bila sababu ni kumnyima protini na kalsiamu ambazo huenda hazina mbadala nyumbani kwenu.

Kuhusu baridi, bibi nampa nusu. Hewa ya baridi hubana vifua, hilo halina ubishi, na vinywaji vya barafu vimeonekana kuwachokoza baadhi ya watoto. Mwanao akikohoa kila anapokunywa cha barafu, mpe cha kawaida. Ndizi na chungwa, hata vikitoka kivulini, havina kesi.

Kahawa ni kinyume chake. Kafeini ni ndugu wa theofilini, dawa ya zamani ya pumu, na hulegeza njia za hewa kidogo kwa muda wa saa chache. Ni kidogo mno kuweza kukuokoa, kwa hiyo usikae na kikombe huku inhela iko chumbani. Na siku ya kupimwa nguvu ya mapafu hospitalini usinywe, isije ikapamba majibu.

Vinavyomezwa ambavyo si chakula

Takriban asilimia 7 ya watu wazima wenye pumu hubanwa na aspirini, na pia ibuprofeni na diklofenaki. Wengi wao wana pua iliyoziba daima, nyama za puani, na hawasikii harufu vizuri. Baadhi hubanwa na pombe pia. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa kimoja kimoja dukani vina aspirini ndani yake, na mtu anaweza kulaumu chakula cha mchana wakati alimeza kidonge dakika chache kabla. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida huwafaa walio wengi. Uliza kilichomo kabla ya kumeza.

Maziwa ya nyuki, ile tiba inayosifiwa kwa nguvu na wauzaji wa dawa za asili, ni hatari hasa kwa mwenye pumu. Australia imeyalazimisha kubeba onyo kwenye lebo, kwa sababu yameleta mashambulio makali na hata vifo. Hapa sina ushauri wa nusu: mwenye pumu asiyatumie.

Daftari

Chukua daftari la shule la kawaida. Kwa wiki mbili hadi nne andika saa ya kula na kila kilicholiwa, pamoja na soda na peremende, mahali ulipokuwa, moshi, vumbi, udi au marashi, vidonge ulivyomeza, saa ya kubanwa, na mara ngapi umevuta inhela ya bluu, yaani ya salbutamoli. Ukiwa na kipima pumzi, andika namba ya asubuhi na jioni. Lebo za paketi zikate uzibandike. Daktari atakayeliona daftari hilo atakuheshimu, na kazi yake itapungua nusu.

Chakula kikijirudia, kiache hicho kimoja tu kwa wiki mbili au tatu, huku ukiendelea na dawa zako bila kubadilisha. Ukiacha vitano kwa mpigo hutajua kilichokusaidia. Kukirudisha kufanyike kwa ushauri wa daktari, na kama kiliwahi kukuvimbisha midomo, kukutapisha au kukuzimisha, kisirudishwe nyumbani kabisa. Majaribio hayo ni ya hospitali. Mtoto mdogo asiondolewe kundi zima la chakula bila mtu wa lishe kuhusishwa.

Ukiona unahitaji inhela ya bluu kila mara hata baada ya kuacha chakula unachokishuku, chakula sicho. Huenda pumu yenyewe haijadhibitiwa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri pumu itibiwe kwa dawa ya bluu peke yake. Uliza kuhusu dawa ya kuvuta yenye steroidi.

Siku ya shambulio

Ukibanwa baada ya kula na ni kifua tu, keti wima na uvute salbutamoli kwa spesa, ile chemba inayounganishwa na inhela, pumzi nne hadi kumi, moja moja, na urudie baada ya dakika 20 ukielekea kituo cha afya. Usipokuwa na spesa, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri pembeni mwa inhela inafaa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa katika The Lancet mwaka 1999 ulionesha kwamba kwa watoto ilifanya kazi sawa na ya dukani.

Kifua kikibana pamoja na vipele, midomo kuvimba, sauti kubadilika, kutapika au kizunguzungu, huo ni mzio mkali wa mwili mzima. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini ya sindano kwenye msuli wa paja kwa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5. Vidonge vya mzio haviwezi kuizuia hali hiyo, na inhela peke yake haitoshi. Mlaze mgonjwa miguu ikiwa juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketi, lakini asisimamishwe wala asitembezwe kufuata bodaboda. Gari lije alipo.

Ukifika, taja kwanza neno pumu, kisha chakula na saa. Ubaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa hata ukijisikia umepona, kwa kuwa dalili huweza kurudi bila kula tena, na usiondoke bila kuandikiwa kwenye kadi jina la kitu kinachoshukiwa.